Kiwanja cha Kumi na Saba

Tumeanza saa moja, ukungu bado umeiatamia Umalila,
kuku mkali asiyetaka kuguswa.
Vigingi vyekundu vinatutangulia, kimoja kila mita hamsini,
kutoka kilima kitakachochimbwa
hadi barabara ya lami, ambako bomba, wakilijenga,
litashusha tope la madini usiku na mchana
bila kuomba maji ya kunywa.

Mimi nabeba fremu: mita moja kwa mita moja,
vipande vinne vya plastiki ya bluu.
Naitupa. Inapoangukia napiga magoti.
Kilicho ndani ya fremu kipo.
Kilicho nje, hata kikichanua, hakipo.
Ndiyo kazi.

Cha tatu: pareto iliyoachwa, kinyesi cha funo, kikavu.
Cha sita: miwati mitupu, na chini ya miwati, hamna.
Cha tisa: kinyonga, juu ya kigingi chenyewe,
akihangaika na ule wekundu,
akaishia kahawia.

Kamera tuliyoifunga mtini siku kumi
imetuletea mbwa wa Ilembo mara thelathini na nne,
mtoto wa shule aliyevua viatu avuke kijito,
na usiku mmoja, saa tisa kasoro, sikio.
Sikio tu.
Mwakasungula, mtu wa wanyama, amelala nalo wiki nzima.
Jumanne lilikuwa la mbawala.
Alhamisi, la mbuzi.

Anayetuongoza ni Ezelina Nzunda,
elfu kumi na tano kwa siku na chakula cha mchana.
Majina ya Kilatini anayacheka mpaka anashika kiuno.
Ananipa ya kwao, nayaandika pembeni kwa penseli,
maana fomu ina safu moja tu ya jina.

Kiwanja cha kumi na saba kipo bondeni, penye majimaji.
Fremu ikatua katikati ya vikande,
maua ya zambarau yamepanda bua kwa foleni,
na chini, gizani, vile viazi vyake viwili viwili
vinavyouzwa kwa debe.
Nikaanza kuhesabu.
Akaweka mguu. Buti lake la mvua, jeusi,
ndani ya fremu yangu.

"Andika vichache."
Vichache vingapi?
"Vichache. Ukiandika vingi, wanunuzi wa Tunduma watajua.
Karatasi zenu wanazisoma hata wasiozilipia."
Nikamwambia: nikiandika vichache, bomba litapita hapa.
Akatazama kigingi. Akanitazama mimi.
"Bomba litapita. Wewe umeona wapi kikande kikazuia chuma?"

Nikaandika ishirini na vitatu.
Saa nne na dakika arobaini asubuhi.
Picha moja. Sahihi yangu.

Usiku kambini, viazi mviringo na chumvi,
nikaifungua ile picha:
kidole changu, na nyuma ya kidole, ukungu.

Kwa hiyo asubuhi tukarudi.
Ezelina hakuja. Binti yake anaripoti bweni Jumatatu,
walisema, na godoro bado lipo dukani.

Mashimo yalikuwa kumi na tisa.
Safi, upana wa ngumi,
maua yamelazwa kando, yote yakitazama upande mmoja,
mtu asingeweza kusema yametupwa.
Vinne vimebaki. Vidogo.
Amevirudishia udongo hadi shingoni, akaushindilia kwa kidole gumba,
na alama ya kidole bado ipo,
imejaa maji.

Kutoka ng'ambo ya kijito Mwakasungula anapaza sauti:
"Kumi na saba tuandike ngapi?"

Ufutio ninao mkononi.
Karatasi imelainika kwa unyevu;
ukisugua mara mbili
inatoboka.