Ukoko

Nimeyaloweka jana, maharage madogo meupe,
asubuhi yamevimba kama watu wenye siri.
Odessa anapiga simu toka Tulsa: Umetia haradali?
Nimetia. Na siki? Dada, nimetia.

Kaka yetu Verlon hakupima kitu.
Kibaba chake kilikuwa kiganja,
saa yake pua.
Molasi aliimimina mpaka, eti, sufuria iseme basi.
Nami naimimina, natega sikio.
Sufuria kimya.

Hapa Joplin, uani, kuni za hikori zinatoa povu,
mbichi; muuzaji kaniapia ni kavu.
Moshi unanifuata kila ninakohamia
kama mtoto aliyeambiwa abaki nyumbani.
Sufuria wazi nimeiweka chini ya bega la nguruwe
mafuta yadondoke, to, to,
juu ya vitunguu, juu ya maharage,
juu ya saa sita za kutofanya lolote ila kuchochea.

Jioni majirani wamekuja na sahani za karatasi.
Mzee Haskell kalamba kijiko pande zote,
hakusema neno, akaongeza.

Verlon alizoea kutupakulia katikati, palipo laini,
yeye akajitwalia ukoko.
"Wageni wale kizuri," alisema, "mimi nitakwangua."
Miaka thelathini tulimwonea huruma.

Sasa wameondoka. Nimebaki na sufuria na kijiko cha chuma.
Nakwangua pembeni, peusi, panapong'ang'ania.
Naonja.
Moshi, utamu, chumvi, vyote vimekimbilia huku.

Ee Verlon,
mwongo mkubwa wewe.