Mwonjaji

Mama hakuacha maandishi. Aliacha kikombe
cha bati, cheupe, mdomo wa buluu,
kilichobambuka rangi ubavuni
pakafanyika ramani ya nchi isiyokuwapo.
Vikombe vitatu vya unga wa mchele, alikuwa akisema,
kimoja cha samli, sukari kasorobo,
mayai "kwa kadiri," iliki "hadi uisikie,"
na marashi, hapo hakutaja kitu:
aliinamisha chupa akageuza uso
kama mtu atoaye sadaka.

Leo mfungo wa ishirini na tisa, saa tisa mchana.
Kibokoni imefumba madirisha, jua halina haya,
stima imepotea tangu adhuhuri,
nami nimekaa kwenye kibao nakanda vileja
nisivyoruhusiwa kuvionja.
Tumu naye kafunga. Ana miaka kumi na miwili.
Hasikii njaa, asema,
na hii ni mara ya sita asema.

Basi mwonjaji wetu ni Shee,
miaka mitano, meno ya mbele hana.
Tamu?
Tamu.
Kabla sijatia sukari alisema tamu.
Nilipotia, tamu.
Nikampa samli tupu kwenye kidole, nimjaribu:
tamu, mama, niongeze.
Shahidi kama huyu
kadhi angemrudisha nyumbani na peremende.

Tumu amekaa sakafuni na mkasi,
anaikata kalenda ya mwaka jana ya duka la dawa,
miezi iliyokwisha kazi,
anaikunja pete ndani ya pete kwa gundi ya uji
mnyororo ufike kutoka feni bovu hadi msumari wa mlango.
Picha ya daktari imekatika vipande:
jicho moja liko Februari, lanitazama
ninavyopanga makaa juu ya bati.
Moto chini, moto juu,
na katikati vileja, kimya.

Sinia la kwanza liliungua matako.
Tumu akacheka, kisha akakumbuka amefunga,
akacheka polepole.

Hapo ndipo aliposhuka Mama Wakio wa ghorofani
na sahani yetu ya Idi iliyopita,
maana sahani hairudi tupu:
maandazi manane, yamefunikwa kitambaa cha Krismasi.
Yeye hafungi. Ulimi anao, na akili ya jikoni.
Nikamwambia, onja, tafadhali, uniokoe na huyu mtoto.
Akakataa katakata.
Nile mbele yenu? Mimi? Saa hizi?
Akainama tu juu ya bakuli akavuta pumzi.
Chumvi umetia?

Chumvi?

Ukucha mmoja, akasema. Marehemu hakuacha.
Aliniambia mwenyewe, hapa hapa, tukipepeta mchele.

Miaka ishirini niliutazama mkono ule.
Aliuchovya kwenye kijungu kilicho kando ya jiko,
nami nikadhani anajipangusa.
Mimi mwanawe. Na jirani ndiye aliyeambiwa.
Sikusema neno. Nilichukua chumvi, ukucha mmoja,
nikakanda kwa nguvu kuliko unga ulivyotaka.

Magharibi ilipoadhiniwa, tende, maji,
kisha kileja cha kwanza, kisha cha pili.
Cha kwanza kilikuwa kitamu.
Cha pili nilikitafuna nikageuza uso
kuelekea ukutani, penye mnyororo wa miezi,
na Tumu, Mungu ambariki, akajifanya anatafuta gundi.

Mama Wakio tulimpelekea sahani ileile, bado ya moto.

Saa tatu redio ya jirani ikatangaza:
mwezi haujaandama. Kesho tunatimiza thelathini.
Kibokoni nzima ikashusha pumzi,
pasi zikazimwa, hina ikaoshwa nusu,
Tumu akajilaza chini ya pambo lake
kama aliyeangukiwa na mwaka mzima.

Shee peke yake alisimama katikati ya chumba,
sukari kidevuni, anatengeneza kanga niliyomfunga shingoni.
Basi kesho, akasema,
mutanihitaji tena.