Mwisho wa Tatu

Mchana natengeneza meno.
Nta, plasta, kauri, tanuri.
Kinywa cha mtu nisiyemjua kimelala mezani pangu
kikingoja kucheka tena ifikapo Ijumaa.
Maabara yetu iko chini ya ardhi, mtaa wa Bałuty,
dirishani naona viatu tu, na magurudumu ya tramu.

Usiku najifunza kutengeneza mchezo.
Riwaya ya picha: watu wanasimama, wanasema,
unabonyeza, wanasema tena,
kisha wanakutaka uchague.
Kamba hukatikia pabovu, na yangu ilikatikia
nukta mbili nilizosahau
mwisho wa mstari wa arobaini na moja.
Saa tatu nzima. Nukta mbili!
Mimi ninayeona kwa jicho tupu
ufa mwembamba kuliko unywele.

Vinywa naviweza.
Mikono inanishinda. Vidole vinatoka kama karoti,
sita, siku nyingine saba,
basi wote nimewatia mikono mifukoni:
dada, kaka, kondakta,
hata muuza maua, ambaye maua yake yanaelea.

Hadithi ni fupi. Ndugu wawili, kituo cha mwisho cha tramu,
theluji, nyumba ya mama imeshauzwa.
Sikumpa kaka jina la kaka yangu.
Nilimpa masikio yake tu.

Kitabu kinasema: weka kigeu,
kisanduku cha kukumbuka alichochagua mchezaji.
Nikasoma kigeugeu, nikacheka peke yangu jikoni.
Changu nikakiita samahani.
Samahani ni sawa na sifuri.
Ikifika moja, moja tu, mwisho wa tatu unafunguka:
jiko, mvuke wa birika, vikombe viwili,
kinanda nilichorekodi kwa jirani, Bi Halszka,
mbwa wake akikohoa kwenye nota ya tisa.
Sijaandika kitu kizuri kuliko hicho.

Kajetan, mtoto wa kaka yangu, ana miaka kumi na minne.
Huja Jumamosi. Baba yake humshusha kona
na hazimi injini.
Nikamketisha acheze.
Mara ya kwanza kaka akapanda tramu.
Mara ya pili vilevile.
Mara ya sita mtoto akavua vipokea sauti,
vidole vimejaa mafuta ya pierogi:
"Shangazi, mbona wote mikono mifukoni?"
"Baridi."
"Na huyu mbona huondoka tu? Nimejaribu kila kitu.
Nimekuwa mwema mpaka nimechoka."

Alipokwenda nikaufungua msimbo,
mistari elfu mbili na ushei,
nikalitafuta neno samahani.
Lilikuwepo pale lilipozaliwa, sifuri.
Lilikuwepo mlangoni, likidai moja.
Katikati, hakuna.
Miezi minane, na hakuna hata mahali pamoja
nilipompa dada neno la kuliongeza.
Nimejenga chumba cha juu, nimepaka rangi, nimewasha taa,
ngazi sikuweka.
Kompyuta haikulalamika. Kwake hilo si kosa.

Usiku wa manane nikaandika vitufe upya.
Kaa kimya.
Muulize saa.
Cha tatu nikakiandika, nikakifuta, nikakiandika:
Niliiuza bila kukuuliza.
Samahani, jumlisha moja.

Nikabonyeza. Theluji ikagota hewani.
Herufi nyekundu: picha haikupatikana,
kaka, uso wa kumi na mbili.

Ninazo nyuso zake kumi na moja.
Hasira. Hasira nusu. Uchovu.
Kutazama tramu. Kujifanya hatazami.
Uso wa mtu aliyeambiwa neno lile sinao,
maana sijawahi kumpa sababu ya kuuvaa.

Saa kumi na moja alfajiri, tramu ya kwanza inapita tupu.
Naanzia kinywani, ndiko nilikozoea:
midomo imeachana kidogo, meno bado hayaonekani.
Kisha, sijui kwa nini, nachora mkono,
mmoja, nje ya mfuko.
Vidole sita.
Nafuta kimoja.