Kokoto Kwanza

Watu huanza na rangi.
Bi Verla alikuja na vipande vitatu vya kijani,
akaviinua juani kimoja kimoja, akauliza
kipi hakitapauka.
Nikamwambia, mama, tuanzie chini.
Rangi ni neno la mwisho.

Nyumba yake iko futi elfu saba juu ya bahari,
bahari ambayo katika kundi letu ni Semisi tu aijuaye:
kazaliwa Tonga, kisiwa bapa kama sahani,
theluji aliiona mara ya kwanza ana miaka kumi na tisa
akadhani kiwanda cha chumvi kimepasuka.
Leo ndiye anayeusoma udongo wa Utah kwa kisigino.
"Hapa maji yanalala," asema, akikanyaga tena.
"Na yakilala hapa, Januari yataamka."

Siri yote ndiyo hiyo.
Maji yakiganda hutanua mabega,
huinua chochote kilichowakalia juu:
saruji, uzio, fahari ya mtu.
Kwa jirani, Bwana Thayne, aliyetandika mwenyewe
wikiendi moja, juu ya udongo mtupu,
uwanja umeota nundu.
Mpira ukidunda pale huingia jikoni.

Basi tukachimba. Malori manne ya udongo yakaondoka.
Kitambaa cha kuchuja, kokoto kubwa,
kokoto ndogo, vumbi la mawe,
na mashine ya kushindilia ikanguruma
hadi vikombe kabatini mwa Bi Verla vikaamkiana.
Mteremko: sentimita moja kwa kila mita.
Jicho halioni. Maji yanaona.

Brinley, miaka kumi na miwili, golikipa,
alikaa ngazini na glavu zake mkononi
siku ya kwanza, ya pili, ya tano.
"Bado?"
"Bado."
Uwanja wa shule yao huzikwa Novemba, hufufuka Pasaka;
sebuleni ameshavunja taa mbili.

Zulia likaja likiwa limejikunja, gumu kwa baridi.
Tukaliacha juani lilegee, kama mtu aliyetoka safari.
Kisha tukalitandika, malaika zake zote
zikitazama upande mmoja, kuelekea dirishani,
maana huko ndiko mama atakakosimama kutazama.
Anselmo akapasha mshono joto, akangoja, akapima, akangoja.
Wingu likapita, tukaweka vifaa chini.
Gundi iliyopakwa kwenye baridi
ni ahadi ya mlevi.

Wanasema wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi.
Hizi haziumii.
Hazinywi, hazikui, hazinuki mvua.
Nimezitandika miaka kumi na moja
na sijawahi kuzikosea heshima,
ila usiku ule wa theluji ya kwanza
Bi Verla alinitumia picha:
kulungu wanne wa mlimani, pembe kama miti iliyopukutika,
wamesimama katikati ya uwanja,
na mmoja kainama, anaonja.
Niliitazama hadi chai ikapoa.
Mke wangu aliponiuliza kuna nini
nikasema, hakuna, mteja ameridhika.

Aprili nilirudi na rula.
Theluji ilikuwa bado imejibanza ukutani, chafu, yenye vinyweleo vya misonobari.
Nikapiga magoti, nikapitisha kidole kwenye mshono
toka mwanzo hadi mwisho. Haukunipa hata kisingizio.
Kule kwa Thayne mashine ilikuwa inafumua.

Brinley alikuwa amerefuka kuliko mikono ya koti lake.
Nikamwonyesha mbele ya goli:
upande wa kushoto majani yamelala chali, yamesagika;
wa kulia yamesimama kama nilivyoyaacha.
"Zulia limekusengenya," nikamwambia.
"Unaruka kushoto tu."

Hakucheka.
Alitazama kushoto, akatazama kulia,
akavaa glavu,
akanisukumia mpira kwa mguu.
"Piga kulia," akasema. "Na usinihurumie."