Jalada la Kenge

Mwaka wa kumi na moja naandika matusi
kwa kalamu ya serikali, wino wa bluu,
Mahakama ya Mwanzo, Newala, chumba cha pili,
dirisha linalotazama ukungu ukipanda
kutoka Shimo la Mungu.

Msimu wa korosho ndio masika yangu.
Fedha zikiingia, ndimi hulegea:
mzani wa chama umechezewa, shemeji kauza kangomba,
mpaka umesogezwa mikorosho miwili,
na Jumatatu benchi limejaa watu walioitwa majina
ambayo mama zao hawakuwapa.

Naandika: Mshtakiwa alimwita mlalamikaji mbwa.
Hakimu huuliza, sheria inamtaka aulize,
"Wewe ulielewa nini?"
Bi Somoe Chitanda akakaza kitenge chake cha njano:
"Nilielewa kuwa sina haya, mheshimiwa.
Nazaa hovyo. Narudia matapishi yangu."
Nikaandika yote.
Kizingitini alilala mbwa wa sikio moja,
yule anayelinda na Mzee Mchopa
usiku kucha, bila posho.
Akatikisa mkia. Labda nzi. Labda jina.

Majaladani mwangu wamo wengi:
punda mmoja, mke mkubwa wa fundi baiskeli;
kupe aliyekataa kuhama kwa dada yake;
fisi, mwenye duka la vipodozi;
chawa, hawa wapya, walikuja na uchaguzi.
Simba simpati.
Hajapanda mtu ngazi zile akilia
kwamba jirani kamwita simba,
ingawa aliyemla mjomba wangu kule Liwale
hakuwa kenge.

Kenge.
Jumapili moja mwanangu Nangolo, miaka saba,
alirudi na wenzake kutoka bondeni,
mbio, wanaburuta kitu kwa kamba ya katani.
Mrefu kuliko mkono wangu.
Madoa ya njano mgongoni, kama ulezi
uliomwagika juu ya mkaa,
na ule ulimi wa panda umetoka nje, una vumbi.

"Amefanya nini?" Sauti ya hakimu ilinitoka.
"Ni kenge."
"Nimeona. Amefanya nini?"
Akanitazama kama mtu aliyeulizwa
maji yanalowesha kwa nini.
"Mama. Ni kenge."

Hakuwahi kumwona kabla ya siku ile.
Niliuliza, nikauliza tena: hakuwahi.
Neno ndilo alilolijua, tangu chekechea.
Alilikuta kwenye foleni ya uji,
alilikuta uwanjani, penalti ikipaa juu ya goli,
alilikuta (nisidanganye, kiapo ni kiapo)
kinywani mwangu, usiku ule baba yake
alipofika na harufu ya pombe na bahasha tupu.
Mnyama alikuja nyuma ya jina lake.
Alichelewa kesi yake mwenyewe,
akakuta hukumu imeshasomwa
na mawe yameshaokotwa.

Tulimzika nyuma ya choo, penye mpapai.
Nangolo alishika jembe akinung'unika.
Shimo likawa fupi, mkia ukabaki nje,
tukaukunja.
Ndipo Namkuna, mdogo kuliko wote,
ambaye hakuna aliyemuuliza kitu,
akasema akiutazama udongo:
"Alikuwa anakunywa maji tu."

Jumatatu. Kijana wa Kitangari ameapa,
shati limepigwa pasi mpaka linang'aa.
"Mheshimiwa, mbele ya wakwe zangu, aliniita..."
Akalitamka.
Kalamu yangu ikasimama.
"Karani, umelipata neno?"
Nimelipata. Herufi tano.
Naliandika, ada ya shule hainisubiri nipone,
ila pembeni, ukingoni ambako hasomi mtu,
naongeza kwa penseli:
alikuwa anakunywa maji.

Inayofuata ni kesi ya mbuzi.
Mbuzi wa kweli huyu, wa miguu minne,
kala majani ya mihogo ya watu.
Mwenyewe hakuletwa.