Nusu Kilo

Mshale wa mizani umesimama kumi na nane na nusu.
Naandika kumi na nane.
Nusu ni unyevu, tulielekezwa kwenye semina, Moshi mjini,
siku tuliyopewa soda, na kalamu yenye nembo.

Apaikunda hasomi mshale, lakini gunia lake analijua:
amelishusha kichwani toka juu ya mfereji, Uru,
shingo imekwisha kulipima.
"Karani, hiyo nusu yangu inalala wapi?"

Nikamwonyesha waraka ukutani. Umetoka Dodoma,
una mhuri, una kifungu cha saba:
kahawa isipite mlango mwingine ila huu.
Waraka wa mwaka juzi ulifungua milango yote;
bado upo, chini yake,
gundi ni ileile.

"Na huyo Bodi," akauliza, "naye ana kihamba?"
Foleni nzima ikacheka.
Mimi nilicheka kidogo kuliko wote.

Maana nimeona barua zikisomwa na mlima.
Mwaka malipo ya pili yalipowahi,
mabati yaling'aa hata ungeyaona toka relini,
fundi Ndelilio akawa hapatikani,
harusi zikagombania Jumamosi.
Mwaka yalipokwama, "mfumo," wakasema, "mfumo,"
panga likaingia mibunini,
parachichi zikasimama kwenye visiki vya babu zetu,
na wanangu wawili wakateremka stendi na begi moja.
Hakuna aliyetumwa kuja kukata mti.

Sitasema uongo: barua pia ilileta lami hadi kanisani,
na miche isiyougua chulebuni.
Mkono ni mmoja. Ndiyo shida ya kuuchukia.

Usiku nikapiga hesabu kwa taa ya simu:
wakulima mia tatu, nusu, nusu, nusu.
Kilo mia na hamsini.
Nikafungua ghala. Yapo, nyuma ya mlango,
magunia matatu yasiyo na jina,
na kwenye daftari yana safu yao: *ziada*,
kwa mwandiko wangu mzuri.

Asubuhi Apaikunda yuko wa kwanza.
Kumi na sita na nusu.
Kalamu yenye nembo ikakwaruza, ikagoma,
nikailamba ncha kama mtoto wa darasa la pili,
nikaandika nusu.

Mkaguzi anakuja Alhamisi.
Sijui nitamwambia unyevu umekwenda wapi.