Vipande Arobaini na Viwili

Msimamizi wangu aliuliza mara mbili, simu ikikatika:
"Tabora? Bahari iko wapi Tabora?"
Nikamjibu, iko guniani.
Imepanda treni Dar,
imelala Dodoma kwa ubovu wa injini,
imeshuka hapa na chumvi yake yote.

Mama Nyanzala hakunielewa mwanzoni.
Nilitaka kipande mfano wa ukucha
kwa kila papa mkavu aliye mezani pake,
na nilitaka kulipa.
"Unanunua ukucha?"
Akawaita wauza karanga waje wamwone
msomi aliyekosa hela ya mboga.
Kisha akashika kisu mwenyewe,
maana mkasi wangu ulishindwa na ule ukavu.

Arobaini na viwili. Kila kimoja na kichupa chake,
spiriti, namba, tarehe kwa penseli
(wino huyeyuka, nilijifunza kwa machozi).
Usiku ule chumba changu cha Isevya kilinuka
hadi mwenye nyumba akagonga.

Miezi mitano, ndipo herufi zikaja,
nne tu, zikirudiwarudiwa
kama mtoto anayeanza kusoma.
Kumi na kimoja vilikaa kimya, chumvi ilishakula habari zao.
Ishirini na vinne, watu baki.
Saba, ndugu.

Tumbo moja. Papa nyundo, wachanga,
huenda wavu mmoja, asubuhi moja.
Kwenye tasnifu nimeandika
"uwezekano mkubwa wa uzao wa mama mmoja",
na msimamizi kaweka alama ya vema pembeni.

Nikarudi sokoni kumweleza.
Mama Nyanzala aliacha kupunga nzi.
"Saba?"
"Saba."
"Wale wadogowadogo wa kabla ya Ramadhani?"
Akaanza kuhesabu kwa vidole, si samaki, wateja:
mmoja kwa mwalimu wa Uyui,
wawili walikwenda msibani Kiloleni,
mmoja alikopwa, hadi leo.
Alipofika wa tano akapotea.
"Na mama yao je?"
Sikuwa na jibu. Hakuwahi kufika mezani.

Hakusema neno jingine la maana.
Alinifungia kipande kwenye gazeti, akakataa pesa,
akamgeukia mteja aliyekuwa akibonyeza nyama kwa kidole gumba.

Nilikipika na karanga.
Nilikuwa na njaa ya siku nzima, na kilikuwa kitamu.
Kichupa kitupu kilikuwepo, na kisu kilikuwepo.
Sikukata ukucha.